Ishirini na Moja ya Mjomba

Karakana ilikuwa Manzese, nyuma ya safu ya maduka ya mitumba, na mtu akiingia mara ya kwanza angedhani ni makaburi ya mafriji. Yalisimama ukutani, mengine hayana milango, mengine bado yana vibandiko vya katuni walivyobandika watoto wa nyumba yalikotoka. Mwenyewe alikuwa mzee wa pwani, mzaliwa wa Dar es Salaam, mtoto wa mzaliwa wa Dar es Salaam. Alitengeneza mafriji maisha yake yote hadi siku alipotafakari kwamba ukuta unaozuia joto lisiingie unaweza vilevile kuzuia joto lisitoke. Akaacha kuyatengeneza. Akaanza kuyageuza kuwa mashine za kutotolesha mayai.

Mie nilipita pale kuuliza njia tu. Nikaona friji lina kioo kidogo mlangoni, na ndani balbu inawaka. Nikachungulia. Vifaranga vimelala juu ya wavu, bado vimelowa, vinapumua kwa mwili mzima. Nikasahau nilikokuwa nakwenda.

"Unatazama bure au unataka kazi?" mzee akaniuliza.

Nikasema kazi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilikuwa nimebeba mizigo kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, nimepaka rangi nyumba za Temeke, nimechimba visima, na kila mahali niliondoka pale nilipokwisha kuelewa kazi inavyofanyika. Hapa sikuelewa kitu. Friji linatoa viumbe hai. Nikavua shati, nikaanza kukata sponji za kuziba kingo za milango.

Wote tulimwita Mjomba, kwa kuwa aliyekuwa akiweka programu ndani ya mashine alikuwa binti wa dada yake, naye alimwita hivyo. Yule binti nilimwita sista. Alisomea kompyuta chuo cha ufundi, na alikuwa na kompyuta ya kukunja ambayo bawaba yake moja imevunjika, kwa hiyo skrini aliiegemeza kwenye kopo la rangi. Kila mashine ilikuwa na kibao kidogo cha saketi, kisichozidi kiganja, na ndani ya kibao hicho ndimo programu ilimokaa. Ndiyo iliyoamua balbu iwake lini, feni izunguke lini, na mota igeuze mayai lini, maana yai lisipogeuzwa kifaranga hugandamana na ganda kikafa.

Siku moja wakati wa chai nilimwomba anionyeshe hiyo programu. Nilitarajia kitu kama mchoro. Nikaona maandishi, mistari mingi, maneno nisiyoyajua na namba.

"Mota iko wapi hapa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mota iko pale, braza, chini ya benchi. Hapa kuna maneno ya kuiambia."

Akafuta namba moja, akaandika ndogo zaidi, akachomeka kebo kwenye mashine iliyokuwa mezani. Trei ikaanza kulala upande kama kawaida, kisha ikasimama katikati ya safari. Akairudisha namba ya kwanza. Trei ikaenda hadi mwisho wake. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sikunywa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona vitu vikisogezwa kwa mkono, kwa kamba, kwa injini. Sikuwahi kuona chuma kikisogea zaidi au kidogo kwa sababu mtu amefuta herufi akaandika nyingine.

"Fanya tena," nikamwambia.

"Chai yako inapoa."

"Fanya tena, sista."

Akafanya tena.

Sasa nieleze tabia ya Mjomba, maana bila hiyo yaliyotokea Kimara hayataeleweka. Mjomba hakupenda namba nyingi. Alisema kichwa cha fundi kina nafasi ndogo na ameshaijaza. Yai la kuku hutotolewa kwa siku ishirini na moja, hilo kila mfugaji analijua, basi Mjomba akaamua ishirini na moja ndiyo iwe namba ya karakana. Matundu ya hewa nyuma ya friji, ishirini na moja. Skrubu za fremu, ishirini na moja, hata kama kumi zingetosha. Mota aliyotumia ilikuwa ya waipa za gari, inavuta trei kupitia mnyororo na gia za baiskeli, na mwanzoni trei ilichukua muda mwingine kulala upande. Mjomba akabadilisha gia, akabadilisha tena, ameshika simu inayohesabu sekunde, hadi mota ikawa inavuta kwa sekunde ishirini na moja kamili. Alifurahi kama mtu aliyepata funguo zake.

"Sasa hakuna wa kusahau," alisema. "Siku ishirini na moja, sekunde ishirini na moja. Ukiulizwa chochote humu ndani, jibu hilo hilo."

Sisi tulimcheka, lakini kwa kweli ilisaidia. Mteja akiuliza matundu mangapi, hata mie niliyekuja juzi nilijibu.

Programu yenyewe haikuandikwa na sista. Aliikuta. Aliyeiandika ni kijana mmoja aliyepata kazi kwingine akaondoka, na tangu hapo haikuandikwa upya hata mara moja. Mashine mpya ikikamilika, sista aliinakili ile ya mashine iliyotangulia na kuimimina ndani ya hii. Mjomba aliita kazi hiyo kurithisha. Mashine ya kwanza iliirithisha ya pili, ya pili ikairithisha ya tatu, na zote zilitotoa kuku vizuri, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kuisoma yote mwanzo hadi mwisho.

Ndipo akaja mama wa Kimara.

Alikuwa mteja wa Mjomba tangu enzi za kutengeneza mafriji, mama mtu mzima, mjane, anaishi upande wa juu barabara ya vumbi inapoishia. Alifuga bata mzinga, siyo kuku. Kwa miaka mingi aliwachagua mwenyewe, akibakiza wakubwa na watulivu, hadi bata wake wakawa wanajulikana mtaa mzima kwa vifua vyao vipana na kwa kutokuwa na ugomvi. Mwanzoni aliwaachia majike waatamie wenyewe. Mwaka huo kwa mara ya kwanza akaamua kununua mashine kwetu na kuyaweka mayai humo, na akaweka mengi.

Alipoingia karakana hatukumwamkia vizuri, kwa sababu uso wake ulitunyamazisha.

"Shikamoo mama," sista akasema mwishowe.

"Marahaba mwanangu. Wameibiwa."

"Nani?"

"Bata wote. Madume na majike. Wamekata wavu, wamepakia, wameondoka. Hawakuniachia hata mmoja wa dawa."

Mjomba akamsogezea kiti. Mama hakukaa.

"Sikuja kulilia bata," akasema. "Nimekuja kwa sababu ya mayai. Yaliyomo ndani ya mashine ndiyo yote niliyobaki nayo duniani ya ukoo ule. Na jirani yangu ananiambia mashine zenu ni za kuku. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Bata mzinga huhitaji siku ishirini na nane. Mashine yetu ingeacha kuyageuza mayai siku ya kumi na nane, kana kwamba yanakaribia kutotoa, wakati ya bata mzinga hutakiwa kugeuzwa hadi siku ya ishirini na tano. Na siku ya ishirini na moja ingejitangazia kwamba kazi imekwisha, ikapunguza joto. Mayai ya mama yalikuwa bado katika wiki ya pili. Palikuwa na muda, lakini hakukuwa na yai la akiba.

"Hiyo ishu ndogo," sista akamwambia. "Ni kubadilisha namba tu. Tunakuja sasa hivi."

Tukapanda basi la mwendokasi yeye na mie, kompyuta kapakata kwenye mfuko wa kitenge, mama kakaa mbele yetu hageuki nyuma.

Mashine tuliikuta sebuleni kwake, imewekwa mahali pa televisheni. Televisheni ilikuwa sakafuni. Nilichungulia kwenye kioo. Mayai ya bata mzinga ni makubwa kuliko ya kuku na yana madoadoa ya kahawia, kama yamenyunyiziwa chai. Yalikuwa yamelala upande mmoja yote, kwa utaratibu, kama watu walio katika swala.

Sista akaegemeza skrini kwenye kochi, akachomeka kebo. Mama alisimama nyuma ya bega lake. Kumi na nane aliipata mahali pamoja, akaibadilisha kuwa ishirini na tano. Ishirini na moja ilikuwa imetapakaa: hapa, pale, chini zaidi. Mama akahema. Sista akafanya kitu ambacho watu wote wa kompyuta hufanya wakiwa na haraka: akaiambia kompyuta itafute kila penye ishirini na moja iweke ishirini na nane. Ikafanya kwa kufumba na kufumbua. Akaimimina programu ndani ya kibao.

Kila programu mpya ikiingia, mashine zetu huanza kwa kugeuza trei mara moja, kujijaribu. Mota ikaguna. Trei ikaanza kulala upande wa pili, taratibu, vizuri. Ikafika mahali pake pa kusimama. Haikusimama.

Niliona mayai ya safu ya juu yakijisogeza, kama watu wanaoinuka kwenye viti. Nikafungua mlango nikaingiza mkono wote na kifua, nikaizuia trei kwa bega, na mnyororo ukanisugua mkono. Sista akang'oa waya wa umeme ukutani. Mota ikanyamaza. Yai moja lilikuwa tayari limepita kando ya shingo yangu, likapasuka sakafuni.

Mama akainama, akaliokota kwa viganja viwili, akalimimina kwenye kisahani kilichokuwa juu ya meza.

Sikujua kwamba ndani ya yai la wiki ya pili kuna mtu. Nasema mtu kwa sababu sina neno jingine. Palikuwa na jicho moja jeusi, kubwa kuliko kichwa kilivyoweza kulibeba, na kitu kama mkono ambacho kingekuwa bawa, na mishipa myekundu imetandazwa kama mizizi, myembamba kuliko uzi wowote niliowahi kuona. Na katikati, moyo. Ulikuwa ukipiga. Mdogo kama punje ya ulezi, na unapiga, kwenye kisahani cha chai, sebuleni Kimara. Tulisimama watatu tukiutazama hadi ulipoacha.

"Basi," mama akasema taratibu. Akakifunika kisahani kwa kitambaa. Kisha akamgeukia sista. "Mwanangu, hayo mengine yangali hai. Umefanya nini?"

Sista alikuwa keshaishika kompyuta tena. Alilitafuta kosa na akalipata upesi, akatuonyesha. Kompyuta ile ndogo ya mashine haihesabu sekunde kama sisi, inahesabu vipande vya sekunde, elfu moja katika kila sekunde. Kwa hiyo muda wa mota ulikuwa umeandikwa ishirini na moja ikifuatiwa na sifuri tatu. Alipobadilisha kila ishirini na moja kuwa ishirini na nane, hiyo nayo ilibadilika. Mota ilikuwa imeambiwa ivute sekunde ishirini na nane.

"Siku za ndege na sekunde za mota," akasema. "Zimeandikwa namba moja. Mjomba na ishirini na moja yake."

"Basi rudisha hiyo moja," nikamwambia. "Washa. Mayai yanapoa."

"Na nyingine je?" akaniuliza. "Umeona zilivyo nyingi humu? Nikirudisha moja, nina uhakika gani ya pili haijabadilika vibaya, itakayotokea mie nikiwa Manzese?"

Mama ndiye aliyekata shauri. Alimtazama sista, akatazama mashine, akaenda jikoni. Akarudi na chupa za maji ya moto alizozifunga kwenye khanga, akazipanga chini ya trei mwenyewe, akafunga mlango.

"Jike huwa anashuka kwenye mayai akale, akanywe," akasema. "Mayai hupoa kidogo na hayafi. Tumia muda wako. Lakini ukimaliza iwe umemaliza."

Sista akakaa chini, sakafuni, na ndipo nilipoiona kazi ambayo sijaacha kuifikiria hadi leo.

Alirudi juu kabisa ya programu, juu ya mistari yote, akafungua nafasi tupu. Kisha akashuka tena, mstari kwa mstari, na kila alipokuta namba alisimama akaiuliza wewe ni nani. Aliuliza kwa sauti kabisa. Namba ikijulikana, aliipa jina, akaliandika lile jina kule juu pamoja na namba yake, na pale chini akafuta namba akaweka jina. SIKU_ZA_KUTOTOA. SIKU_YA_KUACHA_KUGEUZA. SEKUNDE_ZA_MOTA. Ile ishirini na moja iliyokuwa imetapakaa ikatoweka ukurasa mzima, na kila mahali ilipokuwepo sasa palisimama neno linalosema ni nini.

"Tunaziita konstanti," akanieleza bila kugeuka. "Namba ambayo haibadiliki. Unaiweka mahali pamoja, unaipa jina, na huku kote wanaita jina. Ukitaka kuirekebisha unarekebisha kule juu tu."

"Na huku chini kote kunajua?"

"Kunajua."

Mama, aliyekuwa amekaa karibu na mashine na mkono wake juu ya mlango kama anapima homa, akasema, "Ni kama jikoni. Chumvi nyeupe, sukari nyeupe. Ndiyo maana unaandika kwenye kopo."

"Umemaliza kila kitu mama," sista akamwambia. "Mie niliweka chumvi kwenye chai."

Alifika mahali penye saba. Saba peke yake, katikati ya mstari, haina maelezo. Akampigia Mjomba simu, akaiweka sauti ya juu.

"Mjomba, kuna saba humu. Ya nini?"

"Saba?" Nyundo zinasikika nyuma yake. "Hiyo usiiguse. Mashine inaipenda."

"Inaipenda kwa nini?"

"Yule kijana aliwahi kuitoa, mashine ikakasirika. Iache."

Sista akakata simu, akafunika uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu yai lianguke mama akacheka, kicheko kidogo cha puani. Sista akaifuata ile saba polepole, inakokwenda, inachokigusa, hadi akaikamata: ilikuwa dakika ambazo feni hupumzika kabla ya kuzunguka tena, hewa isikauke. Akaiandika kule juu DAKIKA_ZA_FENI_KUPUMZIKA. Nikaiona ile saba ikikoma kuwa siri mbele ya macho yangu. Ilikuwa imekaa humo miaka, inafanya kazi kila siku katika nyumba za watu, na hakuna aliyejua inaitwa nani.

Majina yalipotimia aliyapanga. Hapo nilidhani amemaliza, kumbe hilo ndilo lililobaki. Alitenganisha mafungu mawili na kuacha nafasi kati yake. Fungu moja la ndege: siku za kutotoa, siku ya kuacha kugeuza, joto, unyevu. Fungu jingine la mashine: sekunde za mota, mapumziko ya feni, muda wa kengele.

"Kwa nini usiweke pamoja?" nikamuuliza.

"Hizi za mashine nitabishana na Mjomba. Akibadilisha gia, zinabadilika. Hizi za ndege sibishani na mtu. Hazikuamuliwa Manzese."

Nilitazama lile fungu la ndege. Ishirini na nane. Bata mzinga yeyote, popote alipo, awe wa mama huyu au wa mtu asiyejua hata Kimara iko wapi, hungoja kiasi hicho. Ilikuwa hivyo kabla ya umeme, kabla ya barabara, kabla ya mtu wa kwanza kuhesabu. Na sasa imeandikwa kwa Kiswahili kwenye mstari mmoja juu ya programu, na mota iliyotoka kwenye waipa za gari itaitii.

Nikamuuliza swali moja la mwisho, maana mie ni mtu wa kuuliza. "Na akija mtu mwenye haraka, akaenda kule chini akaandika siku ni ishirini na moja?"

"Jaribu," akasema, akanisogezea kompyuta.

Nikaandika kwa kidole kimoja, huku chini: SIKU_ZA_KUTOTOA ni sawa na ishirini na moja. Akabonyeza. Mstari wangu ukawa mwekundu. Kompyuta ikakataa. Haikusema itakuja kuharibika baadaye, wala haikungoja yai lianguke. Ilikataa pale pale, kabla ya kitu chochote kusogea. Nimeona milango ikifungwa na polisi wakisimamisha watu, lakini neno linalojilinda lenyewe lilikuwa jambo jipya kwangu.

Sista akaufuta mstari wangu, akaimimina programu. Mama akasema bismillah chini kwa chini na mie nikakaa na mkono tayari mlangoni. Umeme ukarudi, mota ikaguna, trei ikalala upande wake, ikafika mahali pake, ikasimama. Tuliendelea kuitazama muda mrefu baada ya kusimama.

Tuliporudi Manzese, Mjomba alitusikiliza hadi mwisho akiwa ameshika bisibisi.

"Ishirini na moja yangu ilikuwa na kosa gani?" akauliza. Alikuwa ameumia.

"Haikuwa na kosa, Mjomba. Zilikuwa nyingi na zote zimevaa nguo moja."

Akaiweka bisibisi mezani. Sista alipoegemeza skrini kwenye kopo la rangi, Mjomba akavaa miwani akasogea. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuitazama programu, kwa kuwa aliijua ni maandishi ya watu wa chuo. Sasa akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata: siku za kutotoa, siku ya kuacha kugeuza, sekunde za mota. Akashuka chini, akayakuta majina yale yale ndani ya mistari, akasoma na pale. Akarudi juu.

"Kumbe ndivyo inavyosema," akasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena akaanza upya. Tulimwacha hapo.

Wiki zilizofuata nilikata sponji na kutoboa matundu, lakini akili ilikuwa Kimara. Kila mara niliwaza zile chupa za maji ya moto. Joto lilishuka kiasi gani? Jike hushuka kwenye mayai, sawa, lakini kwa muda ule? Sista naye alikuwa hivyo hivyo. Alimpigia mama simu kila asubuhi, na mama alijibu kila asubuhi, "Yanageuka, mwanangu. Sijui kilichomo."

Siku ya ishirini na nane tulikwenda tangu mapema. Mama alikuwa kwenye kigoda mbele ya mashine. Yai moja lilikuwa limepasuka kidogo tangu jana yake, ufa wenye umbo la nyota, kisha likanyamaza. Mengine yalikuwa mazima kabisa. Tukakaa. Mama akatuletea maandazi, hakuna aliyeyagusa.

Adhuhuri mashine ikapiga kengele. Siku zilikuwa zimetimia; sista akaizuia isipunguze joto. Kwenye kidirisha cha namba paliandikwa sifuri, na mayai yalikuwa yale yale, yenye madoadoa, yametulia. Sista akakitazama kile kidirisha hadi macho yakamjaa machozi.

"Nimeandika sawa," akasema. "Nimeandika sawa kila kitu."

"Umeandika sawa," mama akamjibu. "Wao hawajaisoma. Kaa."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Ile namba tuliyoipa jina ilikuwa ya mashine, ijue ingoje kiasi gani. Haikuwa ya ndege. Sisi ndio tuliohitaji kuambiwa. Mle ndani kila mmoja alikuwa na hesabu yake, na hakuna mstari wa programu uliofika huko.

Kwanza tulisikia sauti. Haikutoka kwenye lile yai lenye ufa, ilitoka kwenye lililo zima, ndani ya ganda, sauti nyembamba ya mtu anayeita akiwa chumba cha pili. Lile lenye nyota likajibu. Kisha jingine, safu ya chini. Mama akaweka kiganja mdomoni. Ganda likasukumwa kutoka ndani, kipande kikainuka kama kifuniko, kikarudi, kikainuka. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe kikatoka kitu kimelowa, chenye shingo ndefu isiyojua ifanye nini na kichwa, kikalala kifudifudi juu ya wavu, kikihema.

Hadi jua linaanza kushuka walikuwa wametoka zaidi ya nusu. Mengine hayakutoka, na mama hakuuliza kama ni baridi ya siku ile au ni mayai tu. Aliwatazama waliopo. Alikuwa anatafuta kitu, niliona macho yake yakienda kifuani kwa kila mmoja, na kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka nilijua amekiona. Walikuwa wa kwake.

Nilitaka kuwaona bila kioo. Nikafungua mlango kidogo, nikaingiza uso, joto likanipiga, na mmoja aliyekwisha kukauka akageuza kichwa chake kikubwa akanitazama kwa lile jicho jeusi.

"Funga mlango, baba," mama akaniambia. "Unawapulizia baridi."

Nikafunga.